Mja Mzito Katika Safari ya Majini: Kwa Nini Juma la 24?

Meli kubwa za watalii zinazozunguka bahari za dunia, ambazo baadhi yake hutia nanga Mombasa na Unguja, zina kanuni moja ambayo wengi huisoma bila ya kuitafakari. Makampuni mengi yenye meli hizo hayamruhusu kupanda mwanamke ambaye mimba yake itakuwa imeingia juma la 24 kabla ya safari kwisha. Haidhuru awe mzima kiasi gani, wala haidhuru bahari iwe shwari namna gani. Mashirika mengi ya ndege, kwa upande wake, humchukua mja mzito mwenye afya na mimba ya mtoto mmoja mpaka juma la 36. Tofauti ni majuma 12, yaani karibu miezi mitatu. Hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kuliko ya pwani, viti vyake ni vya kubana, na abiria hana mahali pa kutembea. Lau kanuni hizo zingeuangalia mwili wa mama peke yake, ingetazamiwa kwamba ndege ndiyo ingekuwa kali zaidi. Basi kwa nini meli?

Jibu la haraka ambalo watu wengi hutoa ni mawimbi. Husemwa kwamba mrama wa chombo humtikisa mtoto tumboni hata mimba ikaharibika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo si sahihi, na kwamba jibu lililo sahihi lina maana kubwa kwa mama wa Pemba, Mafia au Ukerewe, ambaye huenda hajapata kuiona meli ya watalii, na ambaye hupanda chombo si kwa matembezi bali kwa kuwa hospitali iko ng'ambo ya maji.

Hesabu ya majuma

Kwanza hapana budi kuelewa namna majuma ya mimba yanavyohesabiwa. Wakunga na madaktari hawaanzi kuhesabu tangu siku mimba ilipotunga, kwani siku hiyo mara nyingi haijulikani. Huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa hiyo katika majuma mawili ya mwanzo wa hesabu, mwanamke huwa hana mimba bado. Muda wote ni siku 280, au majuma 40. Kanuni ya zamani, iitwayo kwa jina la mganga wa Kijerumani Franz Naegele, husema: ongeza siku 7 kwenye tarehe ya hedhi ya mwisho, kisha rudi nyuma miezi 3. Mwanamke aliyeanza hedhi tarehe 10 Januari, katika mwaka wa siku 365, hutazamiwa kujifungua tarehe 17 Oktoba.

Majuma 23 kamili ni siku 161. Mwanamke huyo atayatimiza tarehe 20 Juni, na siku hiyo hiyo juma la 24 litaanza. Safari ya majuma mawili ianzayo tarehe 10 Juni haitamfaa kwa kanuni ya meli, ingawa siku ya kupanda atakuwa bado katika juma la 22. Ndiyo maana kanuni hutaja mwisho wa safari, si mwanzo wake.

Mrama humdhuru nani?

Mtoto aliye tumboni huelea katika maji ya uzazi, ambayo mnamo juma la 34 hufikia kiasi cha mililita 800. Wanafunzi wa fizikia wanajua tangu kwa Pascal kwamba kanieneo iliyotiwa kwenye kioevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Zaidi ya hayo, mwendo wa meli ni wa polepole. Chombo kinapopanda wimbi na kushuka kwa muda wa sekunde kadhaa, mama, maji ya uzazi na mtoto hupanda na kushuka pamoja kama kitu kimoja. Hakuna kinachogongana na kingine.

Historia nayo ina mfano wa kufikirisha. Meli Mayflower iliyowachukua wahamiaji 102 kutoka Plymouth, Uingereza, mwezi Septemba 1620, ilikuwa na waja wazito watatu. Safari ilichukua siku 66, nayo dhoruba ziliipiga vibaya meli hiyo. Elizabeth Hopkins alijifungua salama katikati ya bahari, na mtoto akapewa jina Oceanus. Susanna White alijifungua salama meli ilipokuwa imekwisha tia nanga Amerika. Mary Allerton, aliyejifungua majuma kadhaa baada ya kufika, alizaa mtoto mfu. Yeye mwenyewe alifariki majira hayo hayo ya baridi. Mifano mitatu si takwimu, lakini inatosha kumfanya mtu asite kabla ya kuyalaumu mawimbi.

Anayetaabika na mrama ni mama. Watu wa pwani husema amelewa bahari, na neno hilo halikukosea, maana ulevi wa pombe na ulevi wa bahari vyote viwili huvuruga viungo vya usawa vilivyo katika sikio la ndani. Humo mna mifereji mitatu iliyopinda kama nusu duara, inayopima mzunguko wa kichwa, na vijiwe vidogo vya chokaa vinavyopima kupanda, kushuka na kuinama. Abiria aliyeketi chumbani melini huona kuta zimetulia, ilhali sikio linamwambia kwamba anakwenda juu na chini. Ubongo hupokea habari mbili zisizopatana, na matokeo yake ni kichefuchefu. Kwamba chanzo kiko sikioni kulianza kudhihirika mwaka 1882, pale William James wa Chuo Kikuu cha Harvard alipogundua kwamba viziwi wengi hawakupata kizunguzungu walipozungushwa.

Mwendo unaochefua kuliko wote ni ule wa kupanda na kushuka mara moja katika kila sekunde 5 hivi. Chombo kinachotetemeka upesi upesi hakimlewi mtu kwa kadiri hiyo, wala kile kinachokwenda taratibu mno. Kwa hiyo mahali pa kukaa si jambo la bahati. Omo na tezi hupanda na kushuka kama ncha mbili za pembea, na katikati ndipo penye mwendo mdogo. Mja mzito na akae katikati ya chombo, sitaha ya chini inayoruhusiwa abiria, mahali anapoweza kuutazama upeo wa bahari, ili macho na sikio vipate kusema neno moja.

Ulevi huu unapomkuta mja mzito hukuta nyumba imekwisha vurugwa. Wanawake wapatao 7 katika kila 10 hupata kichefuchefu katika miezi ya mwanzo ya mimba. Kwa miaka mingi kisa chake kilibishaniwa, na wako waliothubutu kusema kwamba ni deko la wanawake. Mwezi Desemba 2023 watafiti wakiongozwa na Stephen O'Rahilly wa Cambridge na Marlena Fejzo wa Marekani walionyesha kwamba kisababishi kikubwa ni protini iitwayo GDF15, ambayo hutoka kwa mtoto na kondo lake, huingia katika damu ya mama, na huchokoza sehemu ya shina la ubongo inayoamuru kutapika. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na kiasi kidogo cha protini hiyo ndiye anayetaabika zaidi, kwa kuwa mwili wake haukuizoea. Habari za mrama kutoka sikioni nazo huishia katika shina hilo hilo la ubongo. Si ajabu basi kwamba mwanamke aliyevuka bahari mara ishirini bila taabu hutapika safari ya ishirini na moja, akiwa na mimba ya miezi miwili.

Kutapika kwenyewe hakumwui mtoto. Linaloogopwa ni mama kupungukiwa na maji ya mwili, na vilevile dawa atakazomeza kwa kutafuta nafuu. Hapa pana somo ambalo halifai kusahauliwa. Mnamo Oktoba 1957 dawa ya thalidomide ilianza kuuzwa katika Ujerumani ya Magharibi kama dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, na waja wazito wakapewa kwa ajili ya kichefuchefu. Ilipoondolewa madukani huko mwezi Novemba 1961, ilikuwa imekwisha uzwa katika nchi nyingi, na watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na vilema, wengi wakiwa na mikono au miguu iliyokatika kimo. Nchini Marekani Dkt. Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa wa serikali, aliikatalia kibali kwa kuwa ushahidi wa usalama wake haukumtosheleza. Dawa hiyo iliharibu viungo ilipomezwa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi baada ya mimba kutunga, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua bado kwamba wana mimba. Leo zipo dawa za kichefuchefu zilizochunguzwa kwa makini, na miongoni mwa zile za kwanza kupendekezwa ni vitamini B6 pamoja na doxylamine. Lakini mwenye kuzitoa ni daktari au mkunga, si abiria wa kiti cha pili.

Jambo moja zaidi kuhusu mrama. Mimba inapokua, kitovu cha uzito wa mwili husogea mbele na viungo vya nyonga hulegea. Mwanamke wa miezi saba huyumba hata nchi kavu. Kuanguka kwa tumbo kwenye ngazi au gati kunaweza kulibandua kondo la nyuma kutoka kwenye ukuta wa mji wa mimba, na hiyo ni hatari ya kweli kwa mama na mtoto. Kwa miongo mingi meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilisimama mbele ya vijiji vya Ziwa Tanganyika visivyo na gati, na abiria walipanda kutoka katika mitumbwi. Dakika chache za kutoka mtumbwini kuingia melini zilikuwa na hatari kubwa kuliko usiku mzima wa mawimbi.

Damu na maji ya kunywa

Damu ya mja mzito huganda upesi kuliko ya mwanamke asiye na mimba. Maumbile yamemwandaa hivyo ili asitokwe na damu nyingi siku ya kujifungua. Lakini maandalizi hayo yana gharama: hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa ya miguu huongezeka mara 4 hadi 5, na donge likisafiri mpaka mapafuni laweza kuua. Kwa safari ya saa mbili jambo hili si la kutia hofu. Kwa safari ndefu yafaa mama ainuke atembee, akunje na kukunjua vifundo vya miguu, na anywe maji.

Maji hayo nayo yawe safi. Kirusi cha norovirus, kilichopata jina lake kutokana na mji wa Norwalk, Ohio, kulikotokea mlipuko mwaka 1968, huenea kwa urahisi melini, kwa kuwa mamia ya watu hushika ngazi na milango ile ile. Huleta kuhara na kutapika, na mja mzito hukaukiwa upesi. Homa ya manjano ya ini ya aina ya E, inayoenezwa na maji machafu, ni kali zaidi kwa mja mzito wa miezi ya mwisho kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Jibu la juma la 24

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Kinachotokea juma la 24 hakihusiani na bahari hata kidogo. Kinahusu mapafu ya mtoto.

Mapafu yana vifuko vingi vidogo vya hewa, na ndani yake mna utando mwembamba wa maji. Kwa kifuko cha namna hiyo, kanieneo inayohitajiwa kukizuia kisijifunge ni sawa na mara mbili ya mvutano wa uso ukigawanywa kwa nusu kipenyo. Maana yake ni kwamba kifuko kikiwa kidogo hujifunga kwa nguvu zaidi. Mwalimu anaweza kulionyesha hili darasani kwa mrija wenye mapovu mawili ya sabuni, dogo upande mmoja na kubwa upande wa pili: njia kati yake ikifunguliwa, dogo hunywea na hewa yake huhamia katika lile kubwa. Mapafu yetu hayanywei hivyo kwa sababu chembe hai maalumu za vifuko hutoa safaktanti, mchanganyiko wa mafuta na protini unaopunguza mvutano wa uso. Chembe hizo huanza kazi hiyo kwa kiasi kidogo sana mnamo juma la 24, na safaktanti haitoshelezi mpaka kiasi cha juma la 34 au zaidi.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Boston, walionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kufa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na kitu hicho. Ujuzi huo haukuwa umezaa tiba bado tarehe 7 Agosti 1963, alipozaliwa Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, akiwa na majuma 34 na nusu. Aliishi saa 39. Hospitali bora za nchi tajiri hazikuweza kumwokoa. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walitangaza kwamba sindano ya homoni jamii ya kotizoni, akidungwa mama kabla ya kujifungua, huharakisha ukomavu wa mapafu ya mtoto. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake nchini Japani waliwatia watoto safaktanti moja kwa moja mapafuni. Leo mtoto wa majuma 34 katika hospitali nzuri hutazamiwa kuishi, na hata wa majuma 24 ana matumaini.

Matumaini hayo lakini yamefungwa mahali. Yako kwenye chumba chenye mashine za kupumulia, joto lililopimwa na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo. Kabla ya juma la 24 mtoto akizaliwa, hata hospitali kubwa kwa kawaida haina la kufanya. Kuanzia juma hilo ipo nafasi ya kumwokoa, nayo haipatikani melini. Meli ya watalii ina daktari, vitanda vichache na dawa. Kwa kawaida haina bingwa wa uzazi, wala benki ya damu, wala chumba cha watoto njiti. Ndege ikipatwa na jambo huweza kutua baada ya saa chache. Meli iliyo katikati ya Bahari ya Hindi huenda ikawa siku mbili au tatu mbali na bandari, na helikopta haifiki huko.

Lakini kanuni hii isisomwe kana kwamba kabla ya juma la 24 hakuna hatari. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huweza kupasua mrija katika miezi mitatu ya kwanza, na mama akavuja damu ndani ya tumbo. Kanuni ya meli haimzuii mwanamke huyo kupanda. Ni haki kusema kwamba imeandikwa kwa ajili ya kumlinda mwenye meli kwanza, na mama baadaye. Mwanamke mwenye hiari ya kuchagua wakati wa safari ndefu yafaa angoje mpaka baada ya juma la 14, akiwa amekwisha pimwa kwa mawimbi ya sauti na kujulikana mimba na kondo vimekaa wapi.

Saa mbili

Kwa upande wa mama, kipimo ni kikali zaidi. Mwisho wa mimba damu inayopita katika mji wa mimba huzidi nusu lita kila dakika. Mji usipojikaza baada ya kujifungua, mama huweza kupoteza damu yake yote katika muda mfupi mno. Makadirio ambayo wataalamu wa uzazi wamekuwa wakiyatumia husema kwamba asiyetibiwa, kwa wastani, ana saa 2 tangu damu ianze kumtoka baada ya kujifungua. Kwa damu inayotoka kabla ya kujifungua ana saa 12. Kwa kifafa cha mimba, siku 2. Kwa uchungu uliokwama, siku 3. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama hupotelewa na saa hizo mahali patatu: nyumbani, watu wanapokawia kuamua, njiani, na hospitalini kwenyewe, anapokawia kuhudumiwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita 70 na kidogo, na boti ziendazo kasi huchukua kiasi cha saa mbili. Abiria aliye nusu ya njia yuko saa moja mbali na Muhimbili nyuma yake na saa moja mbali na Mnazi Mmoja mbele yake. Kwa mimba isiyo na matatizo, safari hiyo ya mchana haina sababu ya kuogopwa. Anayeivuka katika miezi ya mwisho achukue kadi yake ya kliniki, asafiri na mwenziwe, na avae jaketi la kujiokolea ambalo mikanda yake imelegezwa juu na chini ya tumbo. Hali ni nyingine kwa anayeishi Ukara katika Ziwa Viktoria. Yeye huvuka kwanza kwenda Bugolora, husafiri kwa gari mpaka Nansio, na tatizo likihitaji hospitali ya rufaa, huvuka maji mara ya pili kwenda Mwanza. Kivuko cha MV Nyerere, kilichozama tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, kilikuwa cha njia hiyo ya Bugolora na Ukara.

Hapa ndipo hesabu ile ile inapogeuka. Kipimo kinachomwambia mtalii asipande meli baada ya juma la 24 ndicho kinachomwambia mama wa kisiwani apande mapema, kabla uchungu haujaanza. Aliyepata kupasuliwa, mwenye mapacha, aliyewahi kutokwa na damu nyingi, au mwenye presha iliyopanda, asiingoje siku ya kuvuka kwa haraka usiku, kusi ikivuma na mwenye mashua akidai petroli. Na avuke mnamo juma la 37 au 38, akiwa mzima, akae kwa jamaa au katika nyumba ya kusubiria waja wazito, ambayo sehemu nyingine za Tanzania huitwa chigonela. Jamaa hulalamikia gharama ya majuma hayo mawili ya kukaa ugenini, na malalamiko yao si ya kupuuzwa: kuna watoto walioachwa nyumbani, kuna shamba, na kuna nauli. Viongozi wa vijiji vya visiwani watafanya vema kuyaweka mambo hayo katika hesabu zao kabla ya kumlaumu mama kwa kuchelewa.

Wanafunzi wanaoishi visiwani au kando ya ziwa wanaweza kuifanya kazi ifuatayo. Wachore ramani ya eneo lao, kisha kwenye kila kijiji waandike saa zinazohitajiwa kufika kwenye chumba cha upasuaji chenye damu ya kuongeza: mchana na usiku, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, wakihesabu pia muda wa kukingoja chombo. Vijiji ambavyo saa zake zimezidi 2 vitiwe rangi nyekundu. Ramani hiyo ikikamilika, mwalimu aipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya.